Mume Wangu Kwako Husimama

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zitangulie, maana hata mtu akiwa na donge rohoni, adabu haimruhusu kuanza na donge. U mzima? Mgongo unaonaje na huko kusimama juani kutwa? Sisi hatujambo. Pacha wanakula kama wametumwa, mama miguu inamsumbua lakini mdomo uko salama, na cherehani yangu imekatika mkanda nimeufunga kwa kamba, tunakwenda hivyo hivyo.

Barua hii nimempa kondakta wa basi. Sikumpa shemeji yako kama siku zote, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Jana Baba Pacha alirudi na lori tupu, magodoro yote kayashusha madukani, roho yake nyeupe. Nikamtengea chakula. Badala ya kula akaanza kusimulia mlivyokutana kwenye kizuizi chenu cha polisi barabarani. Na hakusimulia tu, aliinuka mezani akaigiza. Eti ulinyoosha mkono mmoja, hata filimbi hukupuliza, naye akazima injini, akashuka, akafungua milango ya nyuma kabla hujamwambia, akakupigia saluti. Eti ukamwambia mtu haongei na serikali akiwa na kofia kichwani, akaivua akaishika kifuani. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Pacha wakataka airudie, akairudia. Mimi nikaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Sasa nikuulize, mdogo wangu. Mwanamume huyu ninaye mwaka wa kumi na mbili. Nikimwambia avue viatu mlangoni, anapita navyo mpaka kitandani. Nikimwambia bawaba ya dirisha imelegea, ananijibu kesho, na hiyo kesho yake sasa ina ndevu. Kwako ananyooshewa mkono tu na milango ya nyuma inafunguka. Mkono huo umepakwa nini?

Najua utasema ni utani wa shemeji. Utani naujua, sikuzaliwa juzi. Ila tangu udogo wetu kitu changu kikikaa karibu na wewe kinaanza kukuelekea. Hata paka alilala kwenye miguu yako, na mimi ndiye niliyemlisha. Nakuonea wivu, nimeshalisema, bora ulisikie kwangu kuliko kwa mama.

Punguza kumsimamisha.

Ni mimi,
Dada yako


11 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo nyingine kwa mama, na pacha wabusu mashavuni wote wawili. Mgongo unauma kidogo, lakini tumepewa mwavuli mkubwa wa kampuni ya soda na kivuli kinatosha watu wawili wakipendana.

Nilisoma barua yako nimekaa kwenye gogo la kizuizi, nikacheka mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeposwa. Dada, mkono wangu haujapakwa kitu zaidi ya vumbi. Yule mumeo anasimama kwa sababu nilimfundisha kusimama, na nilimfundisha kwa sababu yako.

Hukuambiwa hili. Mwaka jana alisimamishwa na wenzetu wa njia ya kiwandani. Akaanza kubishana akiwa bado kwenye usukani, injini inanguruma, mkono mmoja unatafutatafuta mfukoni. Alikuwa anatafuta leseni, lakini aliyesimama nje atajuaje? Nusura aburutwe chini. Alipopita kwangu akanisimulia huku amevimba, anasema haki yake, haki yake. Nikamwambia shemeji, haki yako haipotei ukizima gari. Zima, weka mikono juu ya usukani waione, ukiambiwa shuka, shuka, ukishashuka uliza kosa lako ni nini. Kama umeonewa, soma namba ya kifuani na uende kulalamika kesho. Anayelalamika kesho ni yule aliyefika kesho.

Kutii si kukubali, dada. Hilo ndilo ninalowaambia wote wanaopita hapa, sema yeye amelifanya mchezo wa kuigiza. Saluti na kofia ni ujinga wake mwenyewe, nami nikachekea, nisamehe.

Na kuhusu paka, paka alilala miguuni kwangu kwa sababu wewe ulikuwa unarusha mateke usingizini. Muulize mama.

Anayekupenda,
Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi wazima. Mkanda wa cherehani nimenunua mpya. Mama anasema ni kweli nilikuwa narusha mateke, kwa hiyo mmeshakuwa wawili, hongereni.

Barua yako nimeisoma na imenichoma zaidi ya kunipoza. Kumbe mna mambo yenu! Mume wangu nusura aburutwe barabarani, wa kwanza kuambiwa ni wewe, na mimi ninayemfulia shati lenye vumbi la siku hiyo naambiwa na wewe mwaka mmoja baadaye, kwa barua. Kilichonikaa kooni sasa ni hicho, wala si saluti.

Na hayo mafundisho yako ya kutii, nenda kamfundishie fundi baiskeli wa hapa kwetu. Yule alisimama. Alishuka, akaweka mikono aonekane, akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, na kofi akalipata vilevile, sikio moja mpaka leo linavuma. Alienda kulalamika hiyo kesho yako. Aliambiwa mwenye kofi yuko likizo. Kwa hiyo usinieleze kutii kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Mwenye sare ndiye anayeamua kama umetii, na siku akiamka vibaya, hata ukilala chini atasema umelala kwa dharau.

Basi, nimeamua langu. Juzi nilimkalisha Baba Pacha nikamwambia hivi: polisi wengine wote asimame, maana hao ni polisi. Ila akimwona mdogo wangu kizuizini asisimame. Apunge mkono apite. Huyo ni shemeji yake, si serikali, hawezi kumfanya kitu. Akasema lakini yule yuko kazini. Nikamuuliza, katika nyumba hii anamtii nani? Akageuza kijiko mezani mara nyingi, mwisho akasema sawa.

Nakwambia ili siku hiyo usishangae. Akipita, mpungie na wewe. Itakuwa salamu tosha kwa watu wasio na neno baina yao.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linapakia. Kondakta nimemwomba akukabidhi mkononi, asiiache dukani.

Weka wivu pembeni kidogo, nitaurudia mwenyewe nikitulia. Juma lililopita kuna gari lilivunja kizuizi cha wenzetu likiwa na mali ya wizi, na askari mmoja alikanyagwa mguu. Tangu hapo tumepewa bunduki na amri mpya. Gari lisilosimama tunalihesabu kuwa ni lile. Sipo peke yangu, tuko watatu pamoja na mkubwa wa zamu, na yule mkubwa hajui shemeji wala dada. Akimwona mtu anapunga mkono na kupita hatasema huyo ni utani.

Ulichosema kuhusu fundi baiskeli ni kweli. Siwezi kukataa. Wapo kati yetu wanaopiga waliotii, nami nimewahi kusimama karibu nikanyamaza, na hilo linaninyima raha. Lakini dada, hoja ya fundi baiskeli haimfanyi mumeo asipigwe risasi.

Mwambie asimame. Kama hutaki asimame kwangu, nitaomba nipangiwe njia nyingine, nitaomba leo. Ila mpaka nitakapohamishwa, asimame. Mwambie leo kabla hajapakia.

Tafadhali.

Mdogo wako


2 Aprili

Kwako,

Sina salamu.

Naandikia hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi ya wanaume. Mume wangu amevunjika mfupa wa bega, paji la uso limeshonwa, na mlangoni pake ameketi polisi anayekula karanga. Nikitaka kumpa uji, naomba ruhusa. Nikitaka kumgeuza, naomba ruhusa. Ulitaka nijifunze kutii, nimejifunza.

Mmemfyatulia risasi. Shemeji yako, aliyekuwa anakuletea sabuni na barua, baba wa watoto unaotuma wabusiwe mashavuni. Lori liko mtaroni, watu wameokota magodoro kama waokota kuni. Na wewe ulikuwepo. Walioshuhudia wameniambia kulikuwa na askari wa kike.

Ulishindwa kuvumilia apite mara moja tu? Mara moja tu mkono wako usitiiwe?

Usije hapa.

Mama Pacha


6 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama huitikii. Nimesikia kwa muuguzi kwamba Baba Pacha ameanza kula vizuri na homa imeshuka. Nimemshukuru Mungu. Sijaja kwa sababu umenikataza.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, kisha unihukumu.

Ilikuwa asubuhi, jua bado halijawa kali. Bunduki siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuishika. Lori nikalijua kwa mbali, kwa ile turubai ya bluu. Nikafurahi, unajua? Nikasema moyoni dada amemwambia. Nikanyoosha mkono. Akapunguza mwendo mpaka nikamwona uso. Alinitazama, dada. Hakuwa anacheka. Alikuwa kama mtoto aliyetumwa kitu asichokitaka. Akainua mkono, akapunga, akakanyaga mafuta.

Mkubwa wa zamu akaniamuru nipige tairi. Mimi sikupiga. Akarudia amri, nikamwambia namjua mtu huyu, hana kitu, ana magodoro. Akarudia mara ya tatu na mimi nikaielekeza bunduki chini. Mwenzangu akaninyang'anya akapiga yeye. Alilenga tairi na tairi alilipata, tumshukuru kwa hilo, ila lori liliyumba likaingia mtaroni. Nilikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Aliponiona aliniambia, «Usimwambie dada yako kama ninaumwa sana.»

Kwa hiyo mimi, mhubiri wa kutii, nimesimamishwa kazi kwa kukataa amri. Niko kambini, sina sare, nafagia uwanja nikisubiri barua ya adhabu. Ukitaka kucheka, cheka, ruhusa unayo.

Lakini sikuandika kwa ajili yangu. Baba Pacha anashtakiwa. Wanamuuliza kwa nini hakusimama, naye kila akiulizwa anajibu breki zilimgomea. Breki zimekaguliwa, ni nzima. Mtu anayepita kizuizi na kudanganya kuhusu breki, wanamweka kundi moja na wale wezi, wanasema alikuwa anawapimia njia. Hicho ni kifungo cha miaka, dada. Hasemi ukweli kwa sababu ukweli una jina lako ndani yake.

Nikisema mimi, wataona namtetea shemeji, na mimi tayari nina kosa la kumtetea. Wewe ukisema wataamini, kwa kuwa hakuna mwanamke atakayejitungia jambo kama hilo.

Kondakta aliniambia barua ya tarehe ishirini na nne alikukabidhi mkononi. Sikuulizi chochote. Nakwambia tu kwamba ninajua.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Tu wazima.

Unataka nisimame mbele ya hakimu, na makarani, na wateja wangu ninaowashonea, niseme mimi mtu mzima mwenye watoto nilimkataza mume wangu kusimama kwa sababu mdogo wangu ni mzuri akivaa sare. Na wewe umekaa pale umesimamishwa kazi kwa kumwokoa, shujaa, na mimi mchawi. Hata katika balaa umenipita.

Wakili atapatikana. Breki zinaweza kugoma na kupona.

Sitasema.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kesi ni Jumatatu. Nimeitwa kuwa shahidi wa upande wa polisi. Nitasema nilichokiona: aliniona, akapunga mkono, akapita. Zaidi ya hapo sikuona, na nikiapa siwezi kuongeza.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mgongo? Nimesikia wamekurudishia sare lakini tepe moja la begani wamelibandua, na kwamba wamekupeleka stoo kuhesabu mablanketi. Pole. Sijui kama pole yangu ina ladha yoyote kwako.

Jumatatu ile ulitoka kabla sijakufikia, umeshuka ngazi kichwa chini. Kwa hiyo naandika. Ulikuwepo ukasikia, lakini kuna mengine hukuyasikia.

Nilipoingia mahakamani nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilivaa vizuri, nikakaa benchi la nyuma. Ukapanda wewe, ukasema yale uliyosema utayasema, hukunitazama. Akapanda yeye, mkono umefungwa kifuani, akaapa, akasema breki. Mwendesha mashtaka akamsomea ripoti ya fundi, akasema breki. Akaulizwa anawajua wezi wa lile gari, akasema hawajui, lakini breki. Jasho linamtoka. Mtu huyu hajui kudanganya hata bei ya viazi. Nikaona ataenda jela akiwa ameing'ang'ania ile breki, na mimi nitabaki na heshima yangu nikiishonea vifungo.

Ndipo nikasimama. Hakimu akaniambia nikae. Sikukaa. Karani akaniambia nikae, nikamwambia nitakaa nikishasema, na askari akaja akanishika mkono, mdogo wangu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikumbuka kwamba mtu akishikwa mkono na sare hivi, akili inamwambia avute. Sikuvuta. Nililegeza mkono, nikaomba ruhusa ya kusema, nikasubiri. Hakimu akauliza mimi ni nani.

Ulisikia nilivyojibu. «Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemkataza kusimama. Namwonea wivu mdogo wangu.»

Watu walicheka. Kuna mama ninayemshonea mapazia, alicheka akajifunika na mtandio. Hakimu hakucheka, aliniuliza kama kuna jambo kati ya mshtakiwa na askari. Nikasema hakuna jambo. Nikasema anatii kwake na kwangu hatii. Halafu nikasema lile la barua, ambalo nalirudia hapa ulione kwa mwandiko wangu: barua yako ilifika. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani, kabla hajatoka. Alikuwa uani anafunga turubai, namsikia anapiga mluzi. Nilikuwa na nafasi ya kuinuka. Nikasema moyoni, huyu sasa anajiona, ana bunduki, ana mkubwa wa zamu, anataka nimpelekee mume wangu kwa miguu yangu mwenyewe. Nikaendelea kushona. Lori likatoka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huyu wangu kasikia la mkuu wake, akavunjika bega.

Wameondoa lile shitaka la wezi. Amepigwa faini kwa kutosimama na leseni wameichukua mpaka mwisho wa mwaka. Kiwanda kimeajiri dereva mwingine. Mimi nilionywa kwa kusimama bila ruhusa, na barabarani watoto wa shule wananiimba. Nitaishi.

Bado sikubaliani na wewe yote. Fundi baiskeli alisimama na sikio lake halijapona, na sitamwambia mtu kwamba ukitii hutaguswa. Lakini mimi sikumtuma mume wangu apite kwa sababu ya fundi baiskeli. Huyo nilimvaa tu, kama mtu anavyovaa koti la jirani siku ya mvua. Haki yake niliitumia kwa wivu wangu, na hilo ni kosa juu ya kosa.

Sasa nikwambie kinachonikosesha usingizi.

Baba Pacha yuko nyumbani na ananitii. Nikimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia kula, anakula. Jana alisimama mlangoni akaniuliza kama anaweza kwenda mpaka dukani. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyomjibia hakimu, na mikono ameiweka mbele niione. Nikamwambia nenda, mume wangu, huniombi mimi ruhusa. Akasema sawa. Akaendelea kusimama mpaka nilipomwambia tena.

Hajacheka tangu siku ya mtaro. Pacha wamejaribu. Mama amejaribu, na unamjua mama akijaribu. Mimi nimejaribu, lakini nikimtania ananitazama kwanza kuona kama ni amri. Nimepata kile nilichokuwa nakililia, na sikitaki hata kukigusa. Nilidhani nakuonea wivu kwa sababu anakutii. Kumbe nilikuonea wivu kwa sababu kwako alikuwa anacheza.

Njoo Jumapili. Sitasema ni ndugu yako au ni nyumbani kwako, naomba tu uje. Vaa sare, hata hiyo iliyobaki na tepe moja. Msimamishe mlangoni, muulize anakwenda wapi na miguu ile bila taa, muulize leseni ya kutembea, mchokoze mpaka acheke. Sijui kama itawezekana. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuliweza.

Sitaenda jikoni. Nitakaa hapo hapo, nitawatazama, na roho itaniuma kama kawaida yangu, maana wivu haujaisha, sikudanganyi. Wewe njoo hivyo hivyo.

Dada yako